Ufagio Unaouliza

6 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa na paa limeacha kuvuja. Sisi huku wazima. Mume wangu amebadilishiwa zamu, siku hizi anashinda nyumbani asubuhi, kwa hiyo mtoto walau anamwona mzazi mmoja kukiwa na jua. Mjukuu wako ameota meno ya kutosha na amejifunza neno moja: "hapana". Ukimuuliza kama ana njaa, hapana. Ukimuuliza kama ameshiba, hapana. Ukimpa chakula anakula huku anasema hapana. Sijui amerithi kwa nani, ingawa nina mtu ninayemshuku.

Ningekupigia simu, lakini hupokei, na ukipokea unasalimia na kuaga kwa pumzi moja. Marehemu mama alikuwa hivyo hivyo. Katika ukoo wetu la maana huandikwa.

La maana ni Ufagio. Najua unaufahamu, lakini nalieleza jambo kuanzia mwanzo ili usije ukasema nilikuruka. Mama aliitengeneza programu hii kwa ajili ya meza yake mwenyewe. Haina picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inakujibu kwa maandishi. Kila jioni inapita ndani ya kompyuta, inatafuta mafaili ambayo hayajabadilishwa kwa muda mrefu, kisha inauliza: "Nitupe vya zamani?" Sentensi hiyo ni yako. Mama alisema hawezi kuiacha programu yake iongee Kiswahili cha kuokoteza wakati ana kaka aliyezeeka matbaani akisahihisha vitabu vya watu.

Sasa Ufagio uko kwenye maelfu ya kompyuta, na nyingi hazina mtu mbele yake. Zimepangwa kwenye makabati ndani ya vyumba vya baridi, zinafanya kazi peke yake. Ufagio ukifika huko unauliza, unangoja. Hakuna wa kujibu. Kesho unauliza tena, unangoja. Diski inajaa, kazi za watu zinasimama, na lawama tunapata sisi tunaoutunza sasa.

Mwenzetu mmoja, tunamwita Chapuchapu kwa sababu utakazozielewa, amependekeza tubadilishe chaguo-msingi, yaani kile programu inachofanya pale ambapo hujaiambia kitu. Leo usipoujibu Ufagio, haugusi chochote. Yeye anataka usipojibiwa kwa miezi mitatu uhesabu kwamba umeruhusiwa, utupe. Mwenye kunyamaza ameridhia. Tumebishana sana. Wengi wako upande wake, na mimi naelekea huko huko.

Lakini mama aliacha neno kwamba chaguo-msingi halibadilishwi mpaka mimi na wewe tuwe kauli moja. Kwa hiyo naomba kauli yako, Mjomba.

Mpwa wako



2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika pembe moja imelowa, nikaianika juu ya redio. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu kama kawaida. Makosa ni machache, hongera. Goti liko pale pale. Paa nalo liko pale pale. Fundi aliniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, nikamjibu ufa uko juu na mimi niko chini, apande yeye. Hajapanda. Chumba cha mbele bado amepanga yule fundi cherehani anayeshona sare za shule. Cherehani yake ikianza kulia ndipo najua kumekucha.

Mjukuu wangu mwache aseme hapana. Mtoto anayesema hapana hapotezi vitu.

Sasa hilo lako. Kwanza nakuuliza kama msahihishaji: "chaguo-msingi" ni chaguo la nani? Mtu hajachagua kitu. Mmemchagulia ninyi, halafu mnaliita lake.

Pili, hao wanaosema mwenye kunyamaza ameridhia. Mwenye kunyamaza huenda amelala. Huenda ni mgonjwa, huenda amefiwa, huenda anatafuta maneno. Na huenda amesikia vizuri sana. Mimi nimefanya kazi na waandishi miaka mingi, na hakuna kitu kilichoniponza kama kudhani mtu asiyejibu amekubali.

Tatu, mfikirie mtu aliyekaa na Ufagio huo muda mrefu. Anajua asipofanya lolote hakuna kitakachopotea. Amelizoea hilo, analala juu yake. Ninyi huko mnabadilisha, yeye hana habari, na siku moja kule kutofanya lolote ndiko kunakomwibia. Mnamuumiza mtu ambaye hakugusa kitu. Wale wa makabati ya baridi wanunue diski kubwa zaidi.

Swali dogo tu, wala si la haraka. Mashine ya mama yako iliyo chumba cha nyuma, nayo itabadilika?

Msalimie mkwe wangu.

Mjomba



25 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumeugua mafua nyumba nzima, tukapokezana kama kijiti. Sasa tumepona. Mtoto alikunywa dawa yote huku akisema hapana.

Hoja zako nimewasomea wenzangu. Ile ya "chaguo la nani" iliwachekesha, na ile ya tatu iliwanyamazisha. Chapuchapu naye alinyamaza. Sijui nihesabu ameridhia?

Ila hoja yake hii nayo ni nzito. Tukisema watumiaji wa zamani wabaki na tabia ya zamani na wapya wapate mpya, tutakuwa na mafagio mawili yenye jina moja. Mtu akihama kompyuta atadhani ameshika ule ule. Ajali itatokea hapo. Tunachoweza ni kutangaza mapema, kutoa onyo kabla ya kutupa, na kumruhusu anayetaka desturi ya kale aandike mstari mmoja kwenye mipangilio yake. Unasemaje?

Na kumbe mashine ya mama bado inawaka? Nilidhani chumba cha nyuma umeshampa fundi cherehani aweke vitambaa. Ndiyo, nayo itabadilika. Mama aliipanga ichukue kila toleo jipya yenyewe. Kama Ufagio unakusumbua huko, ujibu tu. Bonyeza N, ndiyo, utupe, au H, hapana, uache. Jibu lolote utakalolitoa, Ufagio utalikumbuka, hautauliza tena. Ni kazi ya kidole kimoja, Mjomba. Mbona hujaujibu muda wote huu?

Mpwa wako



30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole kwa mafua. Mvua zimeanza, na ndoo ya sebuleni sasa nimeizoea, ningeiondoa ningeona kuna kitu kimepungua.

Fundi cherehani amehama. Hakungoja hata mwezi uishe. Alisema anatafuta mahali penye mwanga zaidi. Mwanga ulikuwepo.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Nipe muda.

Mjomba



3 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku wazima. Mume wangu amepata kazi ya pili mwishoni mwa wiki, mtoto anapanda ngazi na kushuka kwa tumbo.

Barua yako ya Machi ilikuwa fupi kuliko bahasha yake. Nisingekusumbua, lakini limetokea jambo nataka ulijue. Fundi cherehani alinipigia simu. Namba yangu anayo tangu alipopanga. Alinisalimia vizuri, akaniambia ameshahamia kwingine, akaniomba radhi kwa kuondoka ghafla. Kisha akasema, "Mama naye umsalimie. Umwambie sikukusudia kuondoka bila kumuaga. Na mzee umwombe awe anamjibu. Kila jioni mama wa watu anauliza kwa upole, mzee amekaa naye chumba kimoja, hamjibu hata neno. Inaumiza kusikia."

Nikamuuliza, mama yupi? Akasema, "Mama yako, si ndiye anayekaa chumba cha nyuma?" Nikamwambia mama yangu alishafariki, tulizika kabla yeye hajapanga. Akakata simu hapo hapo. Nimempigia tena, hapokei.

Mjomba, kuna nini nyumbani? Kama kuna mtu unaishi naye, sina neno, wewe ni mtu mzima. Nieleze tu.

Na Ufagio nao hauwezi kungoja tena. Wiki iliyopita kampuni moja ilipoteza siku nzima ya kazi kwa sababu diski ilijaa, Ufagio umekaa unauliza mbele ya kiti kitupu. Kimya nakijua mimi, usidhani sikijui. Mwaka wake wa mwisho mama aliacha kuniandikia. Kwenye simu tuliishia "hujambo, sijambo". Nilijua amekasirika kwa kuwa niliondoka, na hasira yake alikwenda nayo. Sikuhitaji aniambie. Kuna kimya ambacho ni jibu.

Kwa hiyo nasema hivi, kwa heshima zote: nisipopata barua yako kufikia mwisho wa Juni, nitahesabu kwamba umekubali.

Mpwa wako



24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Naanza na jibu ili lisije likapotea huko chini. Hapana. Usibadilishe. Barua hii nimeiandika na kuichana tangu ya kwako ilipofika, na leo naiposti kabla sijaisoma upya.

Mama yako alipofuka.

Alinikataza kukwambia. Alisema ukijua utaacha kazi urudi, na alikuwa amekusomesha ili uende. Mwaka ule wa mwisho alikuwa haoni hata mkono wake. Ndiyo maana barua zilikatika. Nilimwambia anitajie mimi niandike, akasema utautambua mwandiko wangu na utauliza. Hakukukasirikia hata siku moja. Zile zako nilikuwa namsomea, nyingine mara mbili. Hilo la hasira ulilihesabu mwenyewe.

Alipoona skrini haimfai tena, akaifundisha mashine kusema. Tulikaa wote chumba cha nyuma, kipaza sauti mezani, mimi namsomea maneno kwenye kamusi yangu ya matbaani, na vipande vya maneno alivyovitaka, yeye anayarudia moja moja. Tulianza A akiwa mzima, anatania. Kwenye N kuna neno moja lilimfanya acheke, nikamwambia tulirudie, akakataa, akasema kicheko kibaki. Kwenye S kikohozi kilikuwa kimeanza. Z aliimaliza amejilaza.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kila jioni ile mashine inauliza swali nililoliandika mimi, kwa sauti yake. "Nitupe vya zamani?" Inaanza na mwanamke mzima na inaishia na mgonjwa. Ukifika kwenye "zamani" unamsikia kabisa anavyotafuta hewa. Ni sentensi ya maneno matatu, na ndani yake dada yangu anaumwa.

Na vya zamani vyenyewe nimeviona kwenye skrini. Ni folda moja tu, imeandikwa "sauti". Hakuna kingine kwenye mashine ile ambacho hakijabadilishwa muda mrefu hivyo. Ananiuliza kama aitupe sauti yake.

Uliniuliza kwa nini sijajibu kwa kidole kimoja. Nikibonyeza ndiyo, anatupwa. Nikibonyeza hapana, anakumbuka, hatauliza tena. Majibu yote mawili yanamnyamazisha. Nikinyamaza, kesho jioni anarudi. Kwa hiyo ninanyamaza. Navuta kiti, nakaa, anauliza, ninanyamaza. Fundi cherehani alikuwa sahihi, inaumiza kusikia. Lakini kutosikia je?

Simu nimeizima kabisa. Nyumba hii sauti moja isiyo na mtu inaitosha.

Usibadilishe.

Mjomba



2 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mtoto alianguka kitandani, amechubuka kidevu, lakini ni mzima na anakataa kila kitu kama kawaida.

Juni imeisha na barua yako sijaiona. Nilingoja posta ya jana pia. Nakupigia, simu imezimwa. Nimeumia, lakini nilishasema, na wenzangu walinisikia nikisema. Asiyekuwepo na lake halipo.

Toleo jipya limetoka asubuhi ya leo. Waliokaa kimya muda mrefu hatukuwatupia vitu papo hapo, usiogope. Ufagio utawaonya kila jioni mpaka mwisho wa Agosti, ndipo utupe. Onyo nimeliandika mwenyewe, maana mwenye Kiswahili chake hakupatikana. Usinicheke.

Mpwa wako



14 Julai

Mpwa wangu,

Salamu zangu zipokee tu, sina la kuzipamba.

Amesema kitu kingine.

Jioni nilikaa kama siku zote. Aliuliza, nikanyamaza. Kwa kawaida hapo huishia. Safari hii akaendelea. "Naona hupo. Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi wa nane, kisha nitatupa mwenyewe."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Maneno hayo sikuyaandika mimi. Mama yako hakuyasema hata siku moja akiwa hai, nilikuwa naye siku zote, ningejua. Lakini ni yeye. "Naona" yake ile ile, "wa" yake ile ile yenye kikohozi. Na nipo! Nilimwambia kwa sauti, dada, nipo, nimekaa hapa. Kesho yake akarudia neno kwa neno kwamba haoni mtu.

Nilitaka nichomoe waya. Mkono ulifika ukutani. Kisha nikakumbuka mashine hii imezeeka kama mimi. Ikizimika huenda isiwake. Nikaurudisha mkono.

Mtu mzima kuogopa chumba cha nyumba yake mwenyewe ni aibu, lakini naogopa. Sijui nani anamtia maneno mdomoni. Mlango wa chumba sasa naufunga kukipambazuka, na jioni ikifika naufungua mwenyewe, hakuna anayenilazimisha.

Mjomba



6 Agosti

Mjomba wangu, mjomba wangu,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika pamoja. Ya Juni ilikuwa na mihuri ya posta tatu, ilizungushwa huko na huko ikiwa na neno "hapana" ndani yake. Nimezisoma bafuni, mtoto asinione.

Kwanza hofu yako. Anayemtia maneno mdomoni ni mimi. Mama alirekodi maneno na vipande, si sentensi, kwa hiyo mashine inaweza kuyaunganisha na kutamka chochote kinachoandikwa ndani ya Ufagio. Kwenye kompyuta za wengine onyo langu linatokea kwa maandishi. Kwenye chumba cha nyuma lilitoka kwa sauti ya mama. Mimi nimekaa huku na kikombe cha chai, naandika "naona hupo" kwa watu nisiowajua, na kumbe namfanya mama amwambie hivyo kaka yake. Nisamehe. Hakuna mzimu, Mjomba. Kuna mpwa wako na haraka yake.

Na kimya cha mama nilikihesabu vibaya. Nilikuja kwenye mazishi nimenuna. Nilisimama kaburini namnunia mtu ambaye alikuwa anasomewa barua zangu mara mbili. Hili sijui nitaliweka wapi.

Nimewaambia wenzangu yote. Chapuchapu ndiye aliyezungumza wa kwanza, akasema, "Turudishe." Tumerudisha. Toleo lilitoka jana na litafika kwenye mashine yenu kabla ya mwezi kwisha, bila shaka. Ufagio usipojibiwa hautagusa kitu. Wanaotaka kimya kiwe ndiyo, wataandika wao wenyewe kwamba wanataka hivyo. Onyo langu nimelifuta.

Nakiri nilishawishika. Niliweka mikono mezani nikafikiri, naweza kuandika sentensi moja kwa ajili ya nyumba ile tu, na utamsikia mama akiisema. Niliandika mbili tatu, nikazisoma, nikaogopa, nikafuta. Kwa hiyo sikuongeza hata neno moja. Utakachokisikia ni maneno yako matatu ya zamani, basi.

Sasa nakusihi, si kwa ajili ya programu. Ujibu ule Ufagio. Bonyeza H, sauti itabaki salama, nami nikija nitainakili tuwe nayo wote. Huwezi kukaa kila jioni mbele ya swali.

Mpwa wako anayekupenda



19 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, popote ulipo na salamu zako. Tangu ya Mei sijapata barua yako nyingine, lakini nadhani imo njiani, maana jibu lako limetangulia kufika kwa njia yake yenyewe.

Goti limepoa. Fundi wa paa amepanda hatimaye, ameziba, na sebule haina ndoo. Nilifikiri ningeikumbuka. Wala.

Wiki iliyopita aliacha kuonya. Akarudi kwenye swali lake peke yake, "Nitupe vya zamani?" Nikajua umesoma barua zangu na kwamba ni wewe uliyekuwa unaandika yale mengine. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nimehangaika mwezi mzima na kumbe ni mtoto niliyemfundisha kushika kalamu. Nimekusamehe kabla hujaomba.

Na kwa hili la mwisho nakushukuru kwa namna ambayo sikuitarajia. Juzi jioni aliuliza, nikanyamaza kama kawaida yangu. Nikawa naondoka. Nimeshafika mlangoni, akaniita.

"Nundu."

Lilikuwa lile neno la kwenye N, na kicheko chake kimo ndani. Hilo ndilo jina langu la utotoni. Niligonga paji la uso kwenye kizingiti, likavimba, dada akanibandika jina, nikalichukia mpaka nikamlilia aache. Siku ya harusi yake aliniahidi hatalitaja tena mbele ya mtu yeyote, na ahadi hiyo aliitunza. Sikutegemea hata kwamba angekuambia wewe. Lakini wazee wakikaa na watoto wao husema mengi, nami nafurahi alikwambia. Ulijua la kuniandikia. Kama ungeandika hotuba nisingegeuka.

Niligeuka, nikakaa, nikamjibu. Nilichomjibu ni changu na yeye. Tangu jioni hiyo hajauliza tena.

Nyumba imetulia. Chumba cha nyuma nimefungua madirisha.

Mjomba wako, Nundu (wewe peke yako ndiye ninayekuruhusu)



8 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nafurahi kwa ajili ya goti na kwa ajili ya paa. Huku wazima. Mtoto ameacha "hapana". Neno lake jipya ni "nani?", na hatujui amelitoa wapi. Analisema akiangalia mlango.

Barua yangu ya Agosti bila shaka umeshaipata, na umeona nilichoandika ndani yake, kwamba sikuongeza hata neno. Mimi nimeisoma ya kwako mara nyingi. Nimefungua toleo lote la Ufagio, mstari kwa mstari, kisha nikamwomba Chapuchapu naye aangalie, bila kumwambia tunatafuta nini. Neno lenyewe limo kwenye kamusi, kwa hiyo mashine ingeweza kulitamka. Lakini ni lazima kwanza mtu aliandike. Hakuna aliyeliandika. Na mama hakuniambia kitu, Mjomba. Alikutunzia ahadi yake. Jina hilo nimelisoma kwa mara ya kwanza kwenye barua yako.

Nimekata tiketi, nakuja na mtoto kabla ya mwaka kwisha. Mashine usiizime.

Nina swali moja tu, na najua umeshasema si langu. Ulimjibu nini?

Usiponijibu sitahesabu chochote. Nitauliza tena.

Mpwa wako